Ufa Uliozibwa: Nani Aeleze Historia ya Nyumba Inapouzwa?

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta imefundishwa shuleni kwa miaka mingi, na ni shida kumpata mwanafunzi asiyeijua. Bahati mbaya methali yenyewe haisemi ufa uzibwe kwa namna gani. Mafundi wengi, na wenye nyumba wengi zaidi, wameifuata neno kwa neno: hukoroga saruji, huujaza ufa, hupiga lipu juu yake, kisha hupaka rangi. Ukuta hupendeza tena. Lakini kuziba ufa ni jambo moja, na kuondoa kilichoupasua ukuta ni jambo jingine. Tofauti hiyo hujitokeza hasa siku nyumba inapouzwa, maana siku hiyo ufa hupata mwenyewe mpya, ilhali historia yake hubaki kwa mwenyewe wa zamani.

Ichukuliwe mfano wa mwalimu aliyestaafu baada ya kufundisha miaka 30 na ushei. Kiinua mgongo chake kimekwisha kulipwa. Kujenga tangu msingi hakuwezi tena, kwa hiyo dalali humpeleka kuona nyumba iliyokamilika, Jumamosi asubuhi, wakati wa kiangazi. Mabati hayana kutu, maji yanatoka bombani, rangi ya ukutani ingali inanukia. Mwalimu huuliza yale ambayo kila mnunuzi mwangalifu huuliza: mipaka iko wapi, je, kuna ugomvi wa mirathi, je, umeme una deni. Hati hupelekwa kwa msajili wa hati kupekuliwa, na jibu hurudi kwamba muuzaji ndiye mwenye mali na hakuna rehani. Fedha hulipwa. Swali ambalo halikuulizwa ni kwa nini chumba kimoja tu kilipakwa rangi mpya. Mvua za kwanza zikipita, jibu huanza kuonekana lenyewe, kutoka kona ya dirisha kwenda juu hadi darini.

Si haki kusema kwamba nyumba iliyowahi kupasuka isinunuliwe kabisa. Kama watu wangefuata ushauri huo, sehemu kubwa ya nyumba za Afrika Mashariki zisingepata mnunuzi, na baadhi yake ni nyumba nzuri sana. Nyumba iliyopata madhara ikatibiwa ipasavyo yaweza kuwa imara kuliko ya jirani ambayo haijajaribiwa. Lililo baya ni tengenezo lisilo na maelezo. Ufa ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Na fundi anayeuziba bila kuuliza chanzo hana tofauti na tabibu anayempa mgonjwa wa malaria dawa ya kushusha homa peke yake. Kwa sababu hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisihusu upana wa ufa wala ulaini wa lipu. Swali ni hili: kilichoupasua ukuta huu kilikuja kikapita, au hurudi kila mwaka, au kingali kinafanya kazi usiku na mchana?

Mfano wa kilichokuja kikapita ni tetemeko la ardhi. Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera. Zaidi ya watu 15 walifariki na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Maelfu ya nyumba ziliharibika, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilipata madhara makubwa kiasi cha kufungwa kwa muda. Nyumba nyingi zilizoumia zilijengwa kwa tofali za kuchoma au mawe, yaliyoshikizwa kwa udongo au kwa saruji hafifu, bila mkanda wa zege wa kuzifunga kuta juu ya milango na madirisha.

Waliopita mitaani Bukoba baada ya siku ile waliona alama moja ikijirudia ukuta hata ukuta: nyufa mbili zilizokatana mfano wa herufi X, katikati ya dirisha na dirisha. Alama hiyo yastahili kuelezwa, kwa kuwa somo lake ni la kidato cha pili. Tofali huvumilia sana kubanwa, lakini halivumilii kuvutwa. Ukuta uliotulia hubanwa tu, kwa uzito wake na uzito wa paa, na kwa hiyo husimama hata kama udongo ulioushikiza ni dhaifu. Ardhi inapotikisika, msingi huenda pamoja na ardhi, lakini sehemu ya juu huchelewa kwa sababu ya inesha. Kipande cha ukuta kilichokuwa mstatili hulazimishwa kuwa msambamba. Ulalo wake mmoja hurefuka na mwingine hufupika, nao ukuta hupasuka kwa kukingama na ulalo ule uliorefuka. Mtikisiko ukigeuka upande wa pili, ulalo mwingine nao hupata zamu yake. Mwanafunzi mwenye vijiti vinne, misumari minne na nyuzi mbili za mpira aweza kuunda fremu na kujionea mwenyewe ni uzi upi unaokazika na upi unaolegea.

Sasa, katika nyumba kama hiyo, tengenezo la namna gani ni la kweli? Kujaza X kwa saruji na kupaka rangi hakuuongezei ukuta uwezo wowote wa kuvumilia kuvutwa, na uwezo huo ndio uliokosekana tangu mwanzo. Tetemeko limepita, ni kweli, lakini Kagera imekaa karibu na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, na hapana mtaalamu awezaye kuahidi kwamba ardhi ya huko haitatikisika tena. Tengenezo la haki ni lile lililoupa ukuta kitu cha kuvutwa badala ya tofali: nondo zilizolazwa kukingama na ufa ndani ya viungo vya tofali, wavu wa chuma pande zote mbili za ukuta uliounganishwa kwa vyuma vinavyopenya toka upande hadi upande na kufunikwa kwa lipu ya saruji, au mkanda wa zege uliozunguka nyumba nzima na kuzifunga kona. Kazi hii ina gharama, na ikishafunikwa haionekani. Nyumba mbili zilizosimama jirani, moja ikiwa na wavu ndani ya lipu na nyingine ikiwa na saruji iliyojazwa kwa mwiko tu, hufanana kama mapacha, na dalali hutaja bei moja. Mwenye nyumba ya kwanza amedhulumiwa sawasawa na mnunuzi wa ile ya pili, jambo ambalo wauzaji hawalifikirii mara kwa mara.

Kisa cha udongo wa mbuga ni kigumu zaidi, kwa sababu huko adui haji mara moja akaenda zake. Udongo huo mweusi, unaopasuka vipande vipande wakati wa kiangazi na kunata miguuni wakati wa masika, unajulikana sana na wakulima wa pamba wa Shinyanga na Mwanza, na pia katika tambarare za Nairobi na Athi huko Kenya. Ndani yake mna madini ya montmorilonaiti, ambayo yameundwa kwa tabaka nyembamba mno. Maji huingia kati ya tabaka na kuzitenga, na udongo huvimba. Maji yakitoka, hunywea. Nyumba yenye msingi mfupi iliyojengwa juu yake hupanda na kushuka kila mwaka, tena si sawasawa, maana udongo wa pembeni hukauka na kulowa upesi kuliko ulio chini ya sakafu ya katikati.

Hapa ndipo saruji ya kuzibia huweza kuwa kosa kubwa kuliko ufa wenyewe. Ufa unapokuwa wazi fundi huujaza saruji ngumu. Msimu ukibadilika, pande mbili za ukuta hutaka kurudiana, lakini hukuta kabari katikati. Ukuta husukumwa, na ufa wa pili huzaliwa kando ya ule wa kwanza. Mwaka unaofuata nao huzibwa. Mnunuzi aonaye michirizi miwili au mitatu ya lipu, iliyolala sambamba kama mistari ya daftari, ajue kwamba mwenye nyumba amekuwa akipigana na ardhi na ardhi imekuwa ikishinda. Tiba ya nyumba kama hiyo aghalabu haiko ukutani. Iko katika mfereji wa bati unaopeleka maji ya paa mbali na nyumba, katika bomba lililokuwa likivuja chini kwa chini likarekebishwa, katika zege lililomwagwa kuzunguka nyumba ili unyevu usibadilike ghafula, na pengine katika mti mkubwa ulioondolewa karibu na msingi. Pale inapobidi, msingi huchimbuliwa kipande kwa kipande na kuongezewa kina hadi kuifikia ardhi isiyobadilika. Muuzaji asemaye ufa umekwisha, lakini asiweze kuonyesha hata moja la mambo hayo, amesema habari za rangi tu.

Waingereza wamepitia shida iyo hiyo. Mji wa London umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mfinyanzi unaovimba na kunywea, na ukame wa mwaka 1976 ulizipasua nyumba nyingi za kusini mwa nchi hiyo. Kampuni za bima, ambazo tangu mwaka 1971 zilikuwa zimeanza kukubali kulipia madhara ya kudidimia kwa ardhi, zilijikuta na madai tele. Mambo mawili yaliyoota kutokana na hali hiyo yana faida hapa. La kwanza ni ngazi ya kupima madhara, iliyochapishwa na kituo chao cha utafiti wa majengo mwaka 1981. Ufa usiozidi milimita 1 huhesabiwa kuwa mdogo sana, na wa hadi milimita 5 ni mdogo. Kati ya milimita 5 na 15 ni wa wastani, na unaozidi milimita 25 ni mbaya mno. Waliotunga ngazi hiyo walionya wazi kwamba upana si kipimo pekee. La pili ni desturi ya mhandisi kutoa cheti baada ya tengenezo, kinachoeleza kwamba jengo ni imara na kazi iliyofanywa inatosha. Nyumba inapouzwa, cheti huombwa. Asiye nacho hupata taabu kuuza.

Zege lenye nondo lina ugonjwa wake, nao ni wa aina ya tatu, usiolala. Zege jipya ni besi kali, lenye pH ipatayo 12.5 au zaidi, na katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba unaokizuia kushika kutu. Hewa ukaa huingia polepole na kuipunguza besi. Chumvi ya bahari huvunja utando ule hata kama besi ingalipo. Kutu ikianza, hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, kati ya mara 2 na mara 6, nayo hulipasua zege kutoka ndani. Ufa wake hutambulikana kwa kunyooka, kwa kuwa hufuata nondo, na mara nyingi hutoa doa la hudhurungi. Katika miji ya mwambao, ambako watu wengine walichanganya zege kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa, ugonjwa huu ni wa kawaida. Kupiga lipu juu ya nondo yenye kutu ni kuifunika tu. Kutu haihitaji ruhusa ya lipu. Tengenezo halisi hubomoa zege hadi nyuma ya nondo, husugua chuma hadi king'ae, na huongeza nondo mpya pale ile ya zamani ilipokonda. Hata hapo kutu yaweza kuanza upya pembezoni mwa kiraka, kama chumvi ingali ndani ya zege la jirani. Mnunuzi wa nyumba ya namna hii ana haki ya kujua kwamba ananunua na kazi ya miaka ijayo. Na kwa nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja, kosa ni la kinyume: saruji ngumu iliyopigwa juu ya chokaa huuzuia unyevu kutoka, na ukuta huliwa ndani kwa ndani.

Je, mtu asiye mhandisi afanye nini? Mambo mengi, kabla hajamwita mhandisi. Timazi huonyesha kama ukuta umeinama, na pima maji huonyesha kama sakafu imelala. Mlango uliorandwa upande mmoja wa juu husema kwamba fremu yake imekwenda kombo. Ukuta ukigongwa kwa mpini wa nyundo, lipu iliyoachana na tofali hulia kama debe tupu. Kutazama juu ya dari kuna faida kuliko kutazama sebuleni, kwani watu hawapaki rangi huko. Ufa unaotiliwa shaka unaweza kuwekewa misumari miwili midogo, mmoja kila upande, na umbali kati yake ukapimwa kwa kalipa ya vernia, chombo kilichomo katika maabara nyingi za shule, ambacho husoma hadi sehemu moja ya kumi ya milimita. Tatizo ni muda. Nyumba ya mbuga haisomeki kwa ziara moja; yataka kiangazi na masika. Mnunuzi aliye na haraka hupima siku moja, na muuzaji aliyekaa miaka 10 anayo maelezo yote kichwani. Kosa la mfumo wa sasa ndilo hili: maarifa yako kwa mmoja, na hasara iko kwa mwingine.

Sheria haikukaa kimya kabisa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyofuata mfano wa ile ya India ya mwaka 1872, huhesabu kuwa ni udanganyifu mtu anapolificha kwa vitendo jambo analolijua, ili mwenzake aingie katika mkataba. Kwa hiyo aliyeupiga ufa lipu kwa nia ya kumpofusha mnunuzi hayuko salama mbele ya mahakama. Lakini kunyamaza tu, kwa kawaida, si udanganyifu. Na mnunuzi ambaye angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida hapati msaada mwingi. Aliyeziba ufa miaka minne kabla hajafikiri kuuza atasema, na pengine kwa kweli, kwamba alikuwa akitunza nyumba yake. Nani atathibitisha nia? Upekuzi kwa msajili nao hausaidii, kwa kuwa daftari la hati huandika habari za milki na haliandiki habari za kuta.

Katika jimbo la California, nchi ya matetemeko, muuzaji wa nyumba ya kuishi ametakiwa tangu mwaka 1987 kujaza fomu ya kueleza hali ya nyumba, na mojawapo ya maswali yake ni kama nyumba iliwahi kupata madhara makubwa ya moto, tetemeko, mafuriko au maporomoko ya ardhi. Tanzania haihitaji kuanza na sheria ndefu. Mauzo mengi huandikwa katika karatasi mbili tatu, mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wakili, na mashahidi hutia sahihi. Ukurasa mmoja zaidi ungetosha, wenye majibu ya muuzaji kwa mkono wake: nyumba imewahi kupasuka wapi, mwaka gani, kwa sababu gani, ilitengenezwa kwa njia ipi, na fundi alikuwa nani. Mkandarasi anayefanya kazi ya namna hii naye aweke picha za ukuta kabla ya lipu kupigwa. Simu za mkononi zimelifanya jambo hili kuwa rahisi, na picha ya wavu wa chuma ukiwa bado wazi ina thamani kuliko maneno mengi ya dalali.

Wapo watakaosema kwamba ukurasa huo utashusha bei ya nyumba za wanyonge, ambao hawana fedha za mhandisi, na hasa wale wa Kagera ambao hawakuliita tetemeko. Pingamizi hili lina uzito, na halijibiki lote. Bei ya nyumba iliyozibwa ovyo itashuka, na yafaa ishuke, kwa sababu mnunuzi wake naye mara nyingi ni mnyonge. Lakini aliyebana chakula cha nyumbani ili aweke mkanda wa zege na wavu wa chuma, kwa mara ya kwanza atakuwa na karatasi ya kumwonyesha mnunuzi anayeuliza mbona nyumba yake ni ghali kuliko ya jirani.

Shule zaweza kuanza kabla ya wabunge. Hapana shule kongwe isiyo na ufa, na mazoezi ya fizikia yenye vipimo halisi ni machache. Kidato cha tatu chaweza kuchagua ufa mmoja nyuma ya bweni au chini ya dirisha la maabara, kikaweka misumari yake, kikachora umbo la ufa katika daftari pamoja na tarehe na hali ya mvua, na kumwuliza mlinzi mkongwe wa shule kama ukuta huo uliwahi kuzibwa na nani. Kipimo cha kwanza kichukuliwe mwishoni mwa kiangazi, cha pili masika yatakapokuwa yamekwisha, na daftari libaki shuleni, kwa ajili ya kidato kitakachofuata.